Mashine Zilizohama Jumapili

Watu wa Nangara wakitaka kumtania Natalia husema kwamba hata hostia akipewa kanisani huigeuza kwanza aone upande wa pili. Yeye hakatai. Alianza kwa kuuza mayai ya kuchemsha stendi ya Babati, ndoo ya plastiki mkono huu na kopo la kachumbari mkono ule, na aliyeanza hivyo anajua kuwa mtu aliyekuuzia yai bovu humwoni tena, ila uliyemuuzia wewe atakutafuta mpaka akupate. Kutoka mayai ya kuchemsha akapanda kwenye vifaranga, kutoka vifaranga akafika kwenye mashine za kutotolesha. Sasa ni mama wa makamo, mpana wa mabega, anaitwa Mama Jenipher kwa jina la binti yake aliyeolewa Dareda, na hakuna mfugaji wa kuku kati ya Singe na Mutuka asiyejua duka lake lilipo.

Mashine zenyewe si za kushangaza kwa macho. Ni kabati la mbao lililotengenezwa na seremala wa mtaani, lenye trei za mayai, balbu za joto na feni. Kilichofanya watu wazikimbilie ni kidude kilichofungwa mlangoni, kikubwa kidogo kuliko kiberiti, chenye kioo cha maandishi na laini ya simu ndani yake. Hicho ndicho ubongo. Kinapima joto na unyevu, kinawasha balbu na kuzima, kinageuza trei, na mambo yakiharibika kinampigia simu mwenye mashine. Kinaongozwa na programu, na programu hiyo aliiandika Filbert.

Filbert ni mtoto wa ubatizo wa Natalia. Natalia ndiye aliyempakata mbele ya padre, na baba wa mtoto alipofariki, ndiye aliyehakikisha amemaliza chuo cha ufundi. Akakua mwanamume mpole, msemaji wa taratibu, mwenye vidole virefu vinavyojua nyaya. Natalia alileta wazo na wateja, Filbert akaleta ubongo. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemuuliza mwenzake swali gumu.

Mwanzoni, programu ilipohitaji marekebisho, Filbert alipanda bodaboda, kompyuta mgongoni na waya mfukoni, akazunguka nyumba kwa nyumba. Fungua kidude, chomeka waya, subiri, funga, kunywa chai uliyoandaliwa, nenda kwingine. Halafu ikaja baridi ya Julai, upepo ukishuka kutoka mlima Kwaraa, ikaonekana programu inachelewa kuwasha balbu alfajiri. Kosa lilijulikana mapema na dawa ilikuwa tayari, ila dawa ilisafiri kwa pikipiki. Wateja wa mwisho kufikiwa walikuta vifaranga vimefia ndani ya ganda. Hawakuja kugomba. Walikuja dukani, wakayaweka mayai yale juu ya kaunta, wakasimama.

Walipoondoka, Natalia alimuuliza Filbert kama programu haiwezi kwenda yenyewe.

Filbert akasema inaweza, akajifungia na kompyuta yake. Alichotoka nacho Natalia alikielewa kwa namna yake, na alikielewa vizuri. Kila Jumapili saa za misa, wakati ambao wengi hawapo nyumbani kufungua milango ya mashine, kila kidude kinaiuliza kompyuta moja iliyo mbali: kuna jipya? Kama lipo, kinalivuta kidogo kidogo kupitia laini ya simu na kulihifadhi pembeni, programu ya zamani ikiwa bado mahali pake. Kisha kinakagua muhuri. Muhuri ni namba ndefu ya siri aliyonayo mwenye programu peke yake, na programu isiyo na muhuri huo kidude hakiipokei hata ingeshuka na malaika. Muhuri ukikubalika, mashine inajizima kidogo na kuamka na programu mpya. Ikishindwa kutunza joto, inairudia ya zamani bila kuambiwa na mtu. Yote hayo yalijiendesha. Filbert alitakiwa tu kuandika marekebisho na kuyaweka pale, nayo yakaanza na mashine ya Natalia iliyopo dukani, yakaenda kwa wateja wachache waliokubali kujaribiwa, ndipo yakafika kwa wote.

Natalia aliongeza sharti lake moja, akalibishania mpaka likaingia: mashine ambayo vifaranga vyake vimeanza kudonoa ganda isiguswe, isubiri Jumapili nyingine. Filbert alisema ni dakika chache tu za kuzimika. Natalia akamjibu kuwa yeye amekaa na kuku kuliko alivyokaa na kompyuta, na hajaona kuku anayeinuka kwenda kubadili nguo wakati mtoto anagonga mlango.

Siku walipopatana ilikuwa nyumbani kwa Natalia, kwenye ugali na nyama ya mbuzi. Filbert aliuliza yeye atasimama wapi katika biashara hii. Natalia akamjibu kwa mfano unaojulikana na kila mtu wa huko: ng'ombe wa kuwekesha. Una ng'ombe lakini huna malisho, unampeleka kwa mtu wa kijiji kingine. Yeye anamlisha na kumchunga, maziwa anakunywa yeye na samadi inakwenda shambani kwake. Ng'ombe na ndama wanabaki kuwa wako. Basi programu na wateja ni ng'ombe, Natalia akasema, na malipo ya huduma ya kila mwezi ni maziwa. Kunywa maziwa. Filbert akacheka, akakubali, wakamalizia nyama.

Hapo ndipo mfanyabiashara huyu alipokosea, na kosa lenyewe angelicheka kama lingefanywa na mwingine. Ng'ombe wa kuwekesha hapelekwi kimyakimya. Siku hiyo panakuwapo shahidi asiye ndugu, anamwangalia ng'ombe rangi na pembe ili kesho pasiwe na maneno. Tena mwenye ng'ombe ana haki ya kutokea siku yoyote bila taarifa, aingie bomani, amshike ng'ombe wake mgongoni. Natalia hakuita shahidi na hakuwahi kuingia bomani. Salum, muuza vifaa vya umeme wa duka la jirani, ambaye wametaniana tangu enzi za ndoo ya mayai, alimuuliza mara moja tu.

"Mama Jenipher, huo muhuri anao nani?"

"Filbert."

"Na wewe?"

"Wa nini? Nimemwambia mtoto niliyembatiza kwamba namwamini, halafu nimwombe funguo za mlango?"

Salum akasema yeye ana watoto wanne na funguo za stoo analala nazo. Natalia akamwambia ndiyo maana watoto wake wote wamekonda. Wakacheka, yakaishia hapo.

Na kazi ilikwenda. Baridi iliyofuata Filbert aliandika marekebisho Ijumaa, na Jumapili watu wakitoka kanisani mashine zilikuwa zimekwisha kuyapokea. Natalia aliona sifa zikimjia bila kupanda bodaboda. Kila asubuhi akifungua duka, mashine yake ilimwandikia kwenye kioo: *Habari Mama Jenipher*. Aliliona kama jambo la kipuuzi, lakini alikuwa akilisoma.

Basi siku moja alikwenda Mutuka kununua mayai ya mbegu kwa Mzee Severini, mkulima wa mahindi na maharage ambaye mkewe anafuga kuku. Mzee alimpokea kwa heshima isiyo ya kawaida, akamwekea kiti kivulini, akampa pole.

Natalia akauliza ya nini.

"Ya kupumzika, mama," mzee akasema kwa Kiswahili chake kizito cha watu wa kale. "Umefanya vizuri. Umetufaa sana, sasa na wewe kaa."

Ikabidi aambiwe yeye habari zake mwenyewe. Kwamba amechoka na biashara. Kwamba ameikabidhi kwa kampuni moja kubwa ya mjini, na Filbert ndiye anayeisimamia hapa Babati. Kwamba Filbert aliwapigia simu wote, akawaambia Jumapili mashine itawauliza swali na wao wabonyeze kitufe cha Kubali, na kuwa Mama anajua.

Natalia akaomba aione mashine. Kioo kilikuwa na jina la hiyo kampuni na namba ya simu asiyoijua. Alibonyeza kitufe ambacho siku zote humfungulia yeye mipangilio. Kidude kikamwandikia kuwa hana ruhusa. Mbele ya Mzee Severini, kwenye kabati aliloliuza kwa mdomo wake, akasoma kwamba hana ruhusa. Akaondoa mkono kwenye kitufe, akalipia mayai yake na hakupatana bei. Mke wa mzee alilitambua hilo upesi kuliko mumewe, akamsindikiza hadi barabarani.

Lililomchoma njiani halikuwa jina la kampuni. Lilikuwa hili: mashine yake ya dukani ndiyo iliyotakiwa kupokea kila kitu kwanza, na asubuhi hiyohiyo ilimsalimu kwa jina lake kama kawaida. Maana yake Filbert aliitoa kwenye mzunguko. Mashine zote zilihama, moja ikaachwa ili iendelee kumwamkia mwenyewe asishtuke. Mpango ulioandaliwa kumlinda yeye dhidi ya programu mbovu ndio uliotumika kumfunga macho.

Hakupitia nyumbani. Alimwambia wa bodaboda ampeleke Singe, chumba alichopanga Filbert.

Filbert alikuwa peke yake mezani. Akasimama haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mashine za Mutuka ni za nani?"

Akamvutia kiti. Natalia hakukaa.

"Ni za wenyewe, mama. Walizinunua."

"Sikuulizi makabati. Nakuuliza nani anaziamuru."

Filbert akasema kile alichokwisha kukipanga siku nyingi: kwamba kampuni ilimfuata, kwamba wana wataalamu, wana mikoa mingine, mashine za Babati zitakuwa nyingi kuliko ambavyo wao wawili wangeweza. Alisema alitaka kumwambia.

"Ningekuambia ungekataa, mama."

"Ndiyo sababu mtu huambiwa."

"Programu niliiandika mimi. Kila mstari."

"Na ng'ombe wa kuwekesha analishwa na aliyewekewa, kila siku ya Mungu. Hilo halijamfanya kuwa wake."

"Huyo ni ng'ombe. Hii imetoka kichwani kwangu."

Hapo alikuwa na neno, na Natalia aliliona. Amekaa sokoni miaka mingi, analitambua neno lenye uzito hata likitoka upande wa pili. Kama kijana angelisema lile siku ya mbuzi, wangepatana upya, na angepata zaidi ya maziwa. Lakini hakulisema siku ya mbuzi. Alilisema baada ya ng'ombe kuvuka mto.

"Na ya dukani kwangu, mbona bado inanisalimu?"

Filbert akaangalia chini. Akasema aliitoa kwenye mzunguko kwa sababu alitaka Natalia asikie kutoka kwake kwanza.

"Ungeniambia lini?"

Natalia alimtazama kama anavyomtazama mtu anayetafuta bei ya kutaja.

"Muhuri je? Umewapa?"

"Walitaka kila kitu. Wameshaubadilisha, mashine sasa zinatambua wa kwao tu."

"Wewe unao huo mpya?"

"Hapana."

"Wakikuacha kesho, unabaki umeshika nini?"

"Kuna mkataba, mama. Unasema..."

"Nimekuuliza unabaki umeshika nini."

Kijana akaiangalia mikono yake, ile yenye vidole virefu, kana kwamba jibu lingeonekana pale. Natalia alitoka. Hasira ilimpata baadaye, kwenye pikipiki. Kilichotangulia ni aibu: mtoto aliyemlea yeye, aliyekulia chini ya kaunta yake akisikia watu wakipatana, alikuwa ameuza ng'ombe wa mtu na kamba juu, na hakubakiza hata kwato.

Dukani kwa Salum alieleza yote kwa maneno machache. Salum alikuwa na haki ya kumkumbusha swali lake la zamani. Hakuitumia. Alimwita binti yake Shadya, anayetengeneza simu kwenye meza ya mbele ya duka, akamwambia asikilize.

Shadya aliuliza swali moja la maana: kama ipo mashine hata moja ambayo bado ina programu ya zamani. Ilikuwepo, ndiyo ileile iliyoachwa imsalimu mama. Shadya akachomeka waya, akaitoa programu nzima na kuiweka kwenye kompyuta yake. Akaeleza kuwa kuirudisha kwenye mashine nyingine kunawezekana, ila kwa waya, kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Muhuri unazuia mlango wa hewani, yaani wa laini ya simu, hauzuii mtu aliyefungua kidude na kukishika. Tatizo ni kwamba mashine ikirudi hewani inaweza kuhamishwa tena, maana inautambua muhuri wa zamani, ambao Filbert bado anao. Ili ibaki salama ni lazima laini yake ya simu itolewe. Itatotolesha kama kawaida, lakini haitampigia mtu simu, na haitapokea chochote kipya mpaka atokee mtu wa kuwaandikia programu na muhuri wao wenyewe.

"Kwa hiyo tunarudi kwenye bodaboda," Natalia akasema.

"Tunarudi, mama."

Akauliza bei ya waya mbili, ya pili iwe ya akiba. Na Salum, ambaye hajawahi kumwachia kitu kirahisi, alizisukuma zote mbili kwenye kaunta akamwambia watazungumza siku nyingine.

Wakaanza na Mutuka. Mzee Severini aliposikia, aliuliza tu kama balbu zitaendelea kuwaka. Zitawaka, akaambiwa. Basi rudisheni, akasema, maana mimi nilinunua kwa huyu mama, sikununua kwa simu. Kazi ikachukua muda wa kikombe cha chai. Nyumba ya pili wakakubali, ya tatu wakasema wanamsubiri baba arudi, na baba aliporudi akasema anaona ilivyo sasa inafaa. Natalia hakubembeleza. Aliwaeleza hasara ya huku na hasara ya kule kama anavyoeleza bidhaa, akawaacha wachague, na kila aliyechagua hewa alimuaga kwa mkono. Lakini Shadya alimwona akianza kutembea mbele zaidi, bila kusema.

Singe walikwenda kwa Romana. Huyu si mteja tu. Ndiye aliyeuza naye mayai stendi, mmoja akimenya, mwingine akitia kachumbari, wakigawana kivuli cha basi. Mashine ya kwanza kabisa kutoka dukani ilikwenda kwake. Natalia alikuwa amemwacha mpaka sasa kwa kuwa hapo hakuwa na wasiwasi. Alitaka nyumba moja ya kupumzikia.

Romana aliwatilia chai, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana.

"Ya sasa ni nzuri, Natalia. Niko shambani naona joto kwenye simu. Ukitoa hiyo laini inakuwa bubu."

"Na amri iko kwa mtu usiyemjua."

"Hata wa umeme simjui. Vifaranga vinatoka, hilo ndilo najua. Wewe mwenyewe ulinifundisha, usinunue sura ya muuzaji, nunua mzigo."

Natalia alikubali kuwa alisema hivyo. Akageuza kikombe kwenye kisahani chake. Kulikuwa na kitu kinamsumbua tangu Mutuka, na sasa kikakaa sawa. Programu mpya haiendi kwa wote kabla ya kujaribiwa mahali. Kama haikujaribiwa dukani kwake, ilijaribiwa kwa mwingine kwanza.

"Ilianzia hapa," akasema.

Romana hakuuliza nini.

"Alikuja mwezi mmoja kabla," akasema mwishowe. "Akaniomba mashine yangu itangulie. Akasema atakuambia mwenyewe. Nikaona ni mambo ya mama na mwanawe, mimi niingie wapi?"

"Na tulionana kanisani kila Jumapili."

"Tulionana."

"Ukanishika mkono."

Romana akasema asimfanye mwizi, yeye hakuuza kitu cha mtu. Ni kweli hakuuza. Shadya alijifanya anakunja waya. Natalia aliinuka akaenda kwenye mashine, wote wakadhani anataka kukifungua kidude, Romana akainuka nyuma yake. Lakini Natalia alipita mlango ule, akainama ubavuni mwa kabati, ambako seremala alikuwa amekaza kibao cha bati chenye maandishi: MAMA JENIPHER, NANGARA. Akatoa bisibisi kwenye mkoba.

"Hicho kiache," Romana akasema. "Wanaonunua vifaranga kwangu wanakitazama kwanza."

"Najua wanakitazama. Chagua. Jina langu pamoja na waya, au hewa bila jina."

"Natalia, jamani."

"Mashine ni yako, siigusi. Lakini mayai yakiharibika kwa amri ya watu wa mjini, kaunta itakayowekewa mayai ni ya kwangu. Chagua."

Romana alicheka kidogo, akidhani wameanza kupatana bei, akasema basi akiache mpaka Krismasi, mauzo ya sikukuu yapite, halafu wataangalia. Natalia alianza kufungua skrubu. Tatu zilitoka vizuri. Ya nne ilikuwa imeota kutu, ikagoma, akaingiza bisibisi chini ya bati na kuikandamiza mpaka ikang'oka na kipande cha mbao. Pale kilipokuwa kibao pakabaki alama nyeupe ya mstatili, na tundu bovu kwenye kona moja.

"Chai yako inapoa," Romana akasema.

Natalia aliimaliza kwa kusimama, maana ilikwisha kutiwa sukari. Akauliza nyumba ya Mama Clara, mteja anayefuata, ni ipi, ile yenye bati jipya au ya nyuma yake. Romana akamwonyesha, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba asihangaike sana huko, maana naye alijua.

Natalia akaitika kwa kichwa. Akampa Shadya ile waya aiweke ndani ya mkoba, mwenyewe akabaki na bisibisi mkononi, wakavuka barabara.